Malaika wa Kamati ya Harusi

Kwetu karatasi haitupwi. Chini ya kitanda cha wageni kuna boksi la blenda, blenda yenyewe ilishakufa zamani, na ndani ya boksi kuna kalenda za miaka iliyopita, vipande vya manila vilivyobaki kwenye kazi za shule, karatasi za zawadi zilizobanduliwa kwa ukucha zisichanike, na bunda zima la kadi za mchango wa harusi ya mdogo wangu. Kamati ilichapisha kwa matumaini.

Basi Desemba iliyopita niliingia duka la vitabu hapa Dar es Salaam, nikageuza kadi ya Krismasi nione bei, nikairudisha mahali pake taratibu. Nilipofika nyumbani nikamwambia binti yangu tutatengeneza wenyewe.

Karatasi nzuri kuliko zote zilikuwa hizo kadi za mchango: nene, rangi ya maziwa, zina urembo wa dhahabu pembeni. Tukazikunja maandishi yakawa ndani, tukayafunika kwa karatasi nyeupe, na juu yake nikaandika heri na baraka kwa mwandiko wangu bora. Ratiba za mazishi za rangi ya zambarau, nazo zimo humo boksini, nilizikataa. Babu anaumwa, asije akaelewa vibaya.

Gundi tulipika sufuriani, unga wa ngano na maji. Anayeijua gundi hiyo anajua kwamba ikikauka huivuta karatasi, na kwa joto la Dar kadi zilianza kujikunja zenyewe mezani tukiziangalia. Tukazilaza chini ya mfuko wa mchele. Mende nao, ambao ngano wanaipenda kuliko sisi, wakala usiku kucha. Asubuhi malaika Gabrieli alikuwa na bawa moja.

Kisha binti yangu akaja na pamba ya duka la dawa.

"Baba, hii ni theluji."

"Theluji ya wapi, mwanangu?"

"Ya kwa bibi, Moshi."

Nikamweleza kwamba theluji iko juu kabisa mlimani, kwa bibi kuna migomba. Akafikiri kidogo, akachora mgomba, akaubandika pamba kuanzia shina hadi majani. Ulitoka kama kuku aliyenyonyolewa nusu, ila tulikuwa tumebakiwa na pamba nyingi, kwa hiyo kila ndugu alipata mgomba wake.

Nyota tulikata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti za sigara alizoacha fundi rangi. Ziling'aa vizuri mno. Mke wangu akanusa moja na kuuliza kama ni hiyo tunayompelekea mwalimu wa kwaya. Nikajitetea kwa historia. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa, nikamwambia, ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole alielemewa na barua za kuandika, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi, na pale katikati ya picha familia inainua glasi za mvinyo huku mtoto mdogo naye akipewa funda. Wapinga pombe wakaja juu. Na zile zilizomzidi Cole ziliuzwa shilingi moja moja, kwa hiyo hata biashara yenyewe ilianza na mabaki. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Harufu ya sigara bado ipo," akasema.

Kadi zilisafiri na basi la Moshi, kwenye mkoba wa binamu, pamoja na samaki wabichi waliofungwa na barafu. Unyevu ule ndio uliomaliza gundi. Karatasi nyeupe zilibanduka na heri zangu zote, na ndugu zangu wa Moshi wakafungua kadi wakakuta kamati ya maandalizi inawaomba mchango wao wa hali na mali. Chini palikuwa na mstari wa jina, mstari wa ahadi, na namba ya simu ya mweka hazina. Mweka hazina wa harusi ile nilikuwa mimi.

Wa kwanza kupiga alikuwa mjomba, na sauti ya simu yangu husikika hadi jikoni.

"Mjomba, mwenzio anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba unaoa."

Kule jikoni mwiko ukanyamaza.

Wengine tangu siku hiyo hawapokei simu zangu, jambo ambalo kila aliyewahi kuchangisha harusi atalielewa. Shangazi peke yake ndiye aliyetuma hela, elfu thelathini. Nikampigia kumrudishia, akanikatalia katakata: mchango haurudi, nitamlipa binti yake akiolewa. Kadi aliijaza akairudisha na basi: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Salio anamalizia kabla ya Pasaka, na nyuma, pembeni ya mgomba, ameuliza bibi harusi ni mtu wa wapi.