Weka Nyutro, Baba

Mama mkwe wangu amesukuma gari langu. Nimejaribu kuisimulia habari hii kwa namna nyingine, nikaweka vijana wa bodaboda mahali pake, lakini mashahidi ni wengi mno. Ilikuwa Jumapili, saa kumi jioni, Kimara Mwisho, na watu wa mwendokasi walikuwa wamejaa kituoni hawana la kutazama.

Nilikuwa nimempokea Stendi ya Magufuli pale Mbezi, akitokea Ifakara na kiroba cha mchele na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Jogoo alikuwa wangu. "Huyu wa baba," alisema, akamlaza mapajani kama mtoto. Tulipoondoka, niliona kwenye kioo cha nyuma kwamba Barabara ya Morogoro imetoweka. Nyuma yetu kulikuwa na moshi mweusi tu, mzito, wa kutosha kurinia asali. Konda wa daladala alichomoa kichwa dirishani akapiga kelele: "Mzee, epua! Imeungua!" Mama mkwe akatazama mbele, kama mtu anayesali.

Injini ikaanza kumisi. Ikakohoa, ikashtuka, ikazima katikati ya njia. Nikawasha, ikagoma. Nikawasha tena na tena mpaka betri nayo ikaanza kunong'ona. Honi zikaanza. Ndipo mama, mwenye miaka 67, alipofungua mlango, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akamchukua jogoo kwapani, akasema kwa upole ambao sitausahau:

"Weka nyutro, baba."

Akasukuma. Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Lazima mtu mmoja ashike usukani! Hiyo ndiyo hoja yangu, nimeitoa mbele ya mke wangu mara nne, na mara zote nne imeshindwa. Kila tulipopita shimo jogoo aliwika.

Chanzo cha yote ni kisanduku kidogo chenye kioo cha buluu na kitufe cha kuzungusha, nilichokinunua Gerezani kikiwa kimechomolewa kwenye gari la mtu mwingine. Gari langu ni Subaru ya tabo, la oto, na kwa miezi kadhaa lilikuwa linakula mafuta kama lina mimba. Muuzaji alisema kisanduku hiki "kinapunguza mafuta". Hakudanganya. Kisanduku ndicho kinachodanganya, na namna kinavyodanganya ni jambo zuri kiasi kwamba hata leo, nikiwa mtu nisiyetazamwa usoni nyumbani kwangu, nikilifikiria natabasamu.

Petroli haiungui peke yake. Gramu moja inataka gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, isibaki petroli wala oksijeni. Ukihamisha hesabu hiyo kwenye vipimo vya dukani, lita moja ya petroli inameza zaidi ya lita 9,000 za hewa. Ni mapipa 45, yale makubwa ya lita 200. Kwenda Mbezi na kurudi nyumbani Tabata, nikichoma lita nne, navuta mapipa 180 ya hewa ya Dar es Salaam, na hakuna anayenidai.

Sasa nani anayahesabu? Kwenye bomba la hewa, mbele kidogo ya chujio, kuna waya mwembamba sana. Mafundi wanauita eafulo. Kompyuta ya gari, ambayo gereji inaitwa kontroli boksi, inaupasha waya huo moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, kama unavyopuliza chai kwenye kisosi. Ili waya ubaki na joto lake, umeme lazima uongezwe, na kiasi cha umeme kinachoongezwa ndicho kinachosema hewa ni gramu ngapi. Yaani gari linajua limevuta pumzi kiasi gani kwa kuhisi baridi. Aliyewaza hivyo angestahili mtaa wenye jina lake.

Chukulia ni shughuli ya harusi. Eafulo ni kijana anayesimama mlangoni kuhesabu wageni. Kontroli boksi ni mpishi aliye uani, haoni ukumbi, anapokea hesabu na kupakua pilau. Kisanduku changu kinakata waya wa kati yao na kujiweka hapo. Kijana akisema "wageni 100", chenyewe kinapeleka "wageni 88". Mpishi anapakua sahani 88, na mwenye shughuli, ambaye ni mimi, anajiona mjanja. Unazungusha kitufe tu: kutoa 12, kujumlisha 20, na kwa kila hatua ya mizunguko ya injini unaweza kuweka uongo wake.

Nikaweka kutoa 12. Wiki nzima nilikuwa mfalme. Kisha nikipanda mlima wa Kibamba nikasikia sauti kama misumari inayotikiswa kwenye kopo la maziwa.

Hili muuzaji hakuniambia. Hesabu ya wageni haimwambii mpishi kiasi cha pilau peke yake, inamwambia pia awashe moto saa ngapi. Hewa ikiwa kidogo ndani ya silinda, mchanganyiko unaungua polepole, kwa hiyo cheche ya plagi hupigwa mapema ili moto uwahi. Hewa ikiwa nyingi, cheche huchelewa. Mpishi wangu aliyedanganywa aliona wageni wachache akawasha mapema, kumbe ukumbi umefurika na tabo linasukuma wengine mlangoni. Moto ukaikuta pistoni ingali inapanda. Huko ndiko kugonga, na injini ya tabo ikigonga sana huku mafuta ni pungufu, pistoni inatoboka. Nilisoma hayo saa sita usiku nikatokwa na jasho. Jumamosi nikashuka na tochi, nikageuza kutoka kutoa 12 hadi kujumlisha 20, kwa nia ya kuiponya injini kwa kuishibisha. Nikalala usingizi wa mtoto. Jumapili nikaenda Mbezi.

Jumatatu alikuja fundi mzee na begi dogo. Alizichomoa plagi, zikatoka nyeusi na zimelowa. Akakaa kimya, kisha akauliza swali ambalo kila fundi wa nchi hii huuliza kuhusu aliyemtangulia: "Nani alikuchezea hili gari?" Nikaanza kukiri habari za kisanduku. Akatikisa kichwa, akaingia chini ya gari, akatoka na waya uliokatwa.

Kumbe harusi ina mtu mwingine. Kwenye bomba la moshi kuna sensa ya oksijeni, kauri ndogo isiyofanya kazi mpaka ipate joto kama la nyuzi 300. Bosch ndio walioileta magarini mwaka 1976, na Volvo wakawa wa kwanza kuifunga. Kazi yake ni kuonja mabaki, na ina maneno mawili tu: yamezidi, yamepungua. Mpishi akisikia yamezidi anapunguza, akisikia yamepungua anaongeza, kutwa nzima, hachoki. Mwenye gari hahitaji kuzungusha chochote. Ingekuwa nzima, uongo wangu mwingi wa mwendo wa kawaida ungekamatwa na kusahihishwa kabla sijafika kona ya pili.

Yangu ilikatwa mwaka jana, gereji moja nisiyoitaja, siku waliponitolea masega. Masega ni ile kauri ya ndani ya ekzozi yenye matundu kama ya nyuki, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, inayogeuza moshi wa sumu kuwa hewa yenye nafuu. Waliniambia yanabana gari. Walinilipisha ufundi wa kuyatoa. Wakaenda kuyauza, kwa sababu hayo madini yana bei. Sensa ikawakwaza, wakakata waya. Taa ya njano ya injini ikawaka kulalamika, wakafungua dashibodi wakaibandika soltepu nyeusi. Kwa hiyo gari lilianza kula mafuta kwa sababu mwonjaji alikuwa ameuawa, nami nikaenda Gerezani kununua mwongo.

Hapa sicheki. Nimesimamishwa barabarani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeulizwa kizimamoto, nimeulizwa pembetatu, siku moja nimeulizwa kwa nini nimenuna. Moshi sijawahi kuulizwa, na asubuhi watoto wa shule wanapita kando ya ekzozi yangu wakiuvuta. Magari haya tumeyanunua yakiwa yametumika, vitabu vyake Kijapani, kibandiko cha kifuniko cha tangi Kijapani, kikisema, nimeambiwa sasa, kwamba yataka petroli ya daraja la juu, na kituo cha mtaani kwangu kina petroli ya aina moja. Kila asubuhi nikiwasha, msichana mwenye sauti laini hunisemesha kutoka ndani ya dashibodi. Miaka mitatu nimemjibu "ahsante, na wewe pia", nikidhani ananitakia safari njema. Fundi mzee ndiye aliyenieleza: anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa.

Mengine ni madogo. Siku ya mwisho ya kutoa 12, ekzozi ilipasua mbele ya hema la msiba, wazee wawili wakalala chini. Mhudumu wa kituo cha mafuta aliniuliza kama nina hakika ni petroli. Paka wa jirani amehama.

Kisanduku kimetolewa, kiko droo ya jikoni, chini ya vijiko. Sensa mpya nimeambiwa bei yake, nikakaa chini. Mke wangu amesema mama hana neno nami, na kweli hana, hata moja. Jana amemwambia shangazi kwenye simu kwamba mkwe wake ni mtu mzuri, kwa ile sauti ya kumsemea mgonjwa.

Anarudi Ifakara Alhamisi. Usiku nimemsikia sebuleni akimuuliza mjukuu wake jinsi ya kuita bajaji kwa simu. Jogoo yuko uani, amefunguliwa miguu. Leo ni siku ya nne na hakuna aliyezungumzia kumchinja.