Chai Iliyododa

Shangazi yangu ana duka la mapazia Kariakoo, na adui yake mkubwa si kodi wala mgambo wa jiji. Ni mzigo uliododa. Kitambaa kikipitisha Idi moja hakijapata mteja, anaanza kukitazama kwa jicho baya, anakishusha bei, na mwisho anawagawia mawifi huku akisonya. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyempeleka Fangcun, soko la jumla la chai mjini Guangzhou, ambako watu hukaa na mzigo miaka thelathini kwa makusudi na bado wanaringa.

Tulikuwa tumefuata vitambaa. Mkalimani wetu, kijana wa Tanga anayesoma huko, ndiye aliyeshikilia kwamba mama haondoki China bila kuonja pu'erh. Ni chai ya mkoa wa Yunnan, majani yake hukandamizwa yakawa bonge bapa la duara, kwa kawaida gramu 357, na mabonge saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mianzi. Kisha linawekwa. Likikaa vizuri, ukali unapungua, rangi inageuka kahawia nyekundu, na bei inapaa.

Mzee mwenye duka alituteremshia bonge moja, karatasi yake imegeuka manjano na wadudu wameitoboa pembeni. Juu yake palikuwa na namba 7542. Shangazi akashika kifua.

"Yuan elfu saba na mia tano? Kwa majani yaliyoliwa na mende?"

Kijana akamtuliza: hiyo ni namba ya mchanganyiko, mama. 75 ni mwaka 1975 ulipobuniwa, 4 ni daraja la majani, 2 ni kiwanda cha Menghai. Bei ni nyingine. Akamnong'oneza. Shangazi akakaa kimya kidogo, kisha akasema afadhali ile 7542.

Ya kutuonjesha ikatolewa nyingine, changa kidogo. Mzee alichomeka kisindano ubavuni mwa bonge na kuyabandua majani polepole yasivunjike, akayaweka kwenye kibakuli chenye mfuniko, akamimina maji yanayotokota. Papo hapo akaimwaga chai yote juu ya chura wa udongo aliyekaa kwenye sinia.

"Chura anatangulia kunywa, mgeni anatazama?"

Akaelezwa kwamba maji ya kwanza ni ya kuosha vumbi na kuyaamsha majani. Alikubali hilo la vumbi. La kuyaamsha alilipuuza.

Yetu ilikuja kwenye vikombe vya funda mbili. Shangazi akanusa, akakirudisha chake mezani.

"Kafuri," akasema. "Hii inanukia maiti."

Kijana, Mungu ambariki, alitafsiri neno la kwanza tu. Mzee akang'aa uso mzima, maana kwa wanywaji wa pu'erh kuukuu harufu ya kafuri ni sifa, na si kila mgeni anaitambua. Akamjazia tena kwa heshima. Mara ya tatu Shangazi akaomba sukari, na mkalimani akakataa kabisa kulitafsiri ombi hilo. Mimi nilikuwa naonja ubao mkongwe na udongo uliopigwa na mvua, na baada ya kumeza, utamu ukawa unapanda taratibu kooni. Nadhani nao ulimfikia Shangazi, kwa sababu kufika kikombe cha tano hakutaja tena sukari, aliuliza choo kilipo. Majani yaleyale yanaweza kumiminiwa maji zaidi ya mara kumi, na mzee hakuwa na nia ya kupunguza hata moja.

Aliporudi alikuwa mfanyabiashara tena. Hakuna ya haraka? Ipo: mwaka 1973 huko Kunming walikamilisha njia ya kulundika majani, kuyalowesha na kuyafunika yachachuke kwa wiki kadhaa.

"Kumbe wanavumbika! Ndizi ya kuvumbika mimi siilipii bei ya iliyoivia mgombani."

Akanunua bonge bichi, la bei ya chini, akaliweke mwenyewe. Nilimkumbusha kwamba mwaka 2007 bei za pu'erh zilipanda kwa wazimu kisha zikaporomoka, watu wakabaki na maghala yao. Akanijibu kwamba hao walikuwa na haraka. Shangazi huyuhuyu!

Sharti la mzee lilikuwa moja: chai hii hufyonza harufu, iwekwe mbali na kila kinachonukia. Nyumbani kwa Shangazi, Magomeni, hakuna pahali kama hapo. Kabatini kuna udi, stoo kuna papa mkavu, na sebuleni mjomba anavuta sigara. Mwishowe bonge likapanda juu ya kabati la chumba cha wageni, nyuma ya mabegi, likalala.

Likalala mpaka siku walipokuja wakwe kupanga harusi na majani ya chai yakaisha. Mkwewe, binti mwenye bidii sana, alilikuta alipokuwa akitafuta mkeka. Alilivunja kwa mchi wa kinu. Akalichemsha na maziwa, iliki, tangawizi na sukari ya kutosha, sufuria kubwa. Wageni wakasifu, wakaongezewa. Bibi mmoja akauliza kama ni chai ya Lushoto.

Shangazi alinusa kikombe chake, akaitazama ile sufuria, midomo ikicheza bila sauti. Alikuwa anapiga hesabu. Usiku, wageni walipoondoka, alikikusanya kipande kilichobaki, akakifunga kwenye gazeti, na juu yake akaandika kwa kalamu nene: DAWA YA MINYOO.