Tarehe ya Sindano Isipite, Wana Tingi

Msyuu! Jamani, lile neno limerudi tena kijiweni hapa Tingi, na safari hii silinyamazii. Kijana kapaki bodaboda anasubiri abiria wa Mbamba Bay, huku anawatangazia wenzake kwamba sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inajaza damu tumboni mwa mwanamke. Wenzake wanaitikia. Kesho habari iko mashineni, keshokutwa iko gulioni, na mama wa watu anaacha kwenda zahanati.

Damu gani hiyo ijae? Ile dawa, Depo-Provera, ni homoni. Inazuia yai lisipevuke, inaufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, na utando wa ndani ya mji wa mimba unabaki mwembamba. Hedhi ni utando ule ukibomoka. Usipojengeka, kitabomoka nini? Ndiyo maana wengi huanza kwa matone yasiyo na mpangilio, na baada ya mwaka mmoja wa kuchomwa, karibu nusu yao hawaoni siku zao. Hakuna damu iliyojificha popote. Ila damu ikitoka nyingi kupita kawaida, au isikatike, hapo mama arudi kwa nesi, asikae nyumbani akivumilia.

Kinachoniumiza mimi ni tarehe. Aka, watu wanahesabu miezi kwa kukadiria! Sindano moja ya miligramu 150 inakwenda wiki 13, na tarehe ya kurudi huandikwa kwenye kadi. Sasa mvua zetu zinaanza Novemba, zinakwenda hadi Aprili. Mama kahamia shamba la mbali, mahindi yanataka palizi, njia imekuwa tope, kadi imebaki nyumbani chini ya godoro. Akikumbuka, mwezi na nusu umepita tangu tarehe ile, mimba imeingia, kisha watu wanasema sindano haifanyi kazi.

Na dawa yake ipo, tena rahisi. Sindano inaweza kuchomwa wiki mbili kabla ya tarehe. Unajua mnahamia shambani? Pitia zahanati kwanza. Umechelewa? Shirika la Afya Duniani linaruhusu kuchomwa hadi wiki nne baada ya tarehe bila masharti mapya, lakini hiyo ni nafasi ya dharura, usiifanye ratiba. Zikizidi wiki nne, bado nenda. Nesi atahakikisha kwanza kama huna mimba, akuchome, na kwa siku saba mtumie kondomu.

Jambo lingine, mwangalie anayechoma. Mkoa wetu wa Ruvuma ndiko maduka ya dawa muhimu yalikoanzia kwa majaribio mwaka 2003, na yametuondolea safari nyingi za kufuata dawa za homa. Lakini duka la dawa muhimu si mahali pa kuchomea sindano. Nenda kwa mhudumu aliyefunzwa. Bomba na sindano vitolewe kwenye pakiti mbele ya macho yako, tarehe ya kuisha kwa dawa isomwe, kichupa kitikiswe vizuri. Ukishachomwa, acha pale mahali! Mama zetu wana mkono wa kukanda kila panapouma, ila hapa kusugua au kukanda kwa maji ya moto kunaifanya dawa isambae upesi na kuisha kabla ya wakati wake.

Mwambie nesi ukweli wako wote pia. Presha iliyopanda sana, saratani ya matiti, damu inayotoka ukeni bila sababu kujulikana, mtoto mchanga anayenyonya ambaye hajafikisha wiki sita: hayo yote yanabadilisha uamuzi, na njia nyingine zipo. Sindano haizuii Ukimwi wala kaswende. Kazi hiyo ni ya kondomu.

Halafu hili neno kwamba sindano inafunga kizazi. Msyuu, limevunja ndoa za watu! Mwanamke kaacha sindano, miezi sita imepita, wifi ameanza maneno, na mume anasikiliza. Kizazi hakijafungwa. Dawa hii hutoka mwilini polepole, na kwa wastani mimba huja kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Wengine huwahi, wengine huchelewa zaidi. Anayetaka mtoto karibuni aelezwe hivyo kabla hajachomwa, achague njia nyingine.

Nanyi wanaume wenzangu mnaokaa hapa tangu asubuhi, zahanati za serikali hazitozi hela ya uzazi wa mpango. Kinachohitajika kwako ni usafiri na kumbukumbu. Iandike tarehe ya mkeo kwenye simu yako. Siku ikifika umpeleke mwenyewe, hata kama kuna abiria wa Mbinga anakusubiri barabarani.