Barua ya Wazi kwa Sungura wa Pasaka

Kwa Mheshimiwa Sungura wa Pasaka,
Mkuu wa Idara ya Vikapu,
Marekani.

YAH: MAOMBI YA KUPUNGUZIWA PIPI KATIKA VIKAPU VYA WATOTO

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mama wa Kitanzania niishiye Ohio, na nakuandikia kwa heshima na taadhima, ingawa kwetu sifa zako ni za aina nyingine. Tunakufahamu tangu utotoni. Wewe ndiye uliyekataa kuchimba kisima na wanyama wenzio, kisha usiku ukaenda kuyanywa maji na kuyachafua. Simba mwenyewe ulimzunguka akili mbele ya watu. Nilipofika huku nikaambiwa kwamba alfajiri ya Pasaka wazazi wenye akili timamu hukukabidhi vikapu vya watoto wao bila hata mlinzi, nilijua hawa hawakupata bibi wa kuwasimulia.

Kazi yako yenyewe ina maswali. Mayai hutagi, vikapu husuki, fedha huna. Usiku wa kuamkia Pasaka watoto hukuachia karoti sebuleni, safi, zimeoshwa. Unazitafuna zote, kisha unawaachia wao sukari. Mheshimiwa, kiongozi anayekula mboga na kuwagawia wananchi pipi anajua anachokifanya.

Na wala usiseme malalamiko haya yameletwa na wageni. Mwaka 1682 daktari wa Kijerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika kuhusu sungura wa mayai ya Pasaka, na katika andiko hilohilo akaonya juu ya madhara ya kuyala mayai hayo kupita kiasi. Hayo yalikuwa mayai ya kuku! Baadaye wahamiaji wa Kijerumani wakakubeba hadi Pennsylvania, watoto wakakutengenezea viota kwa kofia zao, nawe ukapanda cheo. Faili lako lina miaka zaidi ya 340 na bado uko kazini. Hata kwetu rekodi hiyo ni ngumu kuifikia.

Sasa twende kwenye hesabu. American Heart Association inashauri mtoto wa miaka 2 hadi 18 apate chini ya gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani kama vijiko 6 vya chai. Chokoleti ya maziwa, karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Kwa hiyo ile sanamu yako ya gramu 200, yenye utepe shingoni, imebeba sukari ya siku nne. Mtoto huanzia masikioni. Kabla ya kwenda kanisani ameshafika kiunoni, na kwaya inapoanza hakuna mtu kwenye benchi letu anayekaa chini. Kwaresima nzima watu wamejinyima siku 40, halafu wewe unalipa madeni yote kwa mkupuo, tena unamlipa mtu wa darasa la kwanza.

Kuna pia vile vifaranga laini vya sukari viitwavyo Peeps, vinavyotengenezwa na kampuni ya Just Born katika mji wa Bethlehem, Pennsylvania (jina la mji sikulitunga mimi). Kampuni hiyo ilipoinunua biashara hiyo mwaka 1953, kifaranga kimoja kilichukua saa 27 kukamilika kwa mikono. Leo mashine hukimaliza kwa dakika sita hivi. Zamani uchovu wa wafanyakazi ndio ulioyalinda meno ya watoto. Kinga hiyo tumeipoteza.

Vile vya pinki vina historia yake. Kwa miaka mingi vilitiwa rangi iitwayo Red 3. Mwaka 1990 rangi hiyo ilipigwa marufuku Marekani kwenye vipodozi, kwa sababu iliwaletea panya wa maabara saratani. Kwenye chakula ikaendelea kuruhusiwa. Maana yake mama hakuruhusiwa kuipaka mdomoni, lakini mwanawe aliruhusiwa kuimeza. Just Born waliacha kuitumia baada ya Pasaka ya 2024, na Januari 2025 serikali ikatangaza kuifuta kwenye vyakula, huku ikivipa viwanda hadi Januari 2027 kujipanga. Haraka ya nini?

Si kwamba wakubwa wa huku hawawezi kutunga sheria upesi. Mwaka 1876 Bunge la Marekani lilipiga marufuku watoto kuviringisha mayai ya Pasaka kwenye viwanja vyake, kwa kuwa walikuwa wakiharibu nyasi. Miaka miwili baadaye Rais Hayes akawafungulia viwanja vya Ikulu. Nyasi zilipata mtetezi bungeni. Meno yanaendelea kuombewa.

Najua utajitetea kuwa ni siku moja tu kwa mwaka. Sawa. Oktoba 31 nayo ni siku moja tu. Krismasi ni siku moja, na Februari 14 ni siku moja. Na hiyo siku yako moja ina kikapu cha nyumbani, kikapu cha Sunday School, mfuko wa shuleni, na mayai ya plastiki yaliyotawanywa kwenye uwanja wa mtaa. Kila mtoaji anaapa kwamba chake ni kidogo, na kweli ni kidogo. Ukimuuliza mwenye duka, atasema wateja ndio wanaotaka. Ukimuuliza mzazi, atasema kaleta Sungura. Kwa utaratibu huu Wamarekani hutumia zaidi ya dola bilioni 3 kwa pipi za Pasaka, na hapatikani hata mtu mmoja aliyenunua.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Chokoleti moja ibaki, ndogo, maana hatukuja kufuta sikukuu. Nafasi iliyobaki weka kamba ya kuruka, chaki za kuchorea njiani, mbegu za alizeti, na mayai ya kuku yaliyochemshwa na kupakwa rangi, ambayo ndiyo uliyoajiriwa kuleta. Usifidie kwa vikorokoro vya plastiki vinavyovunjika kabla ya chakula cha mchana. Wala usiongeze yale majani bandia ya kijani ili kikapu kionekane kimejaa. Ujanja huo tuliuona zamani kwa wauza nyanya wanaoweka nyasi chini ya ndoo.

Ukikaidi, Pasaka ijayo hutakuta karoti. Utakuta sahani ya vifaranga vya pinki, na hutoki humo ndani mpaka uvimalize.

Wako katika ujenzi wa meno,
Mama Watoto

Nakala: Daktari wa meno, kwa taarifa.
Baba Watoto, kwa utekelezaji. Risiti nimeiona.