Fyuzi na Wachimba Dhahabu

Ajabu ya Katoro, mkoani Geita, ambako kijana huitambua chembe ya dhahabu ndani ya karai la tope, ni kwamba pikipiki ikizima ghafla, taa, honi na indiketa zote kimya, mafundi huketi baraza, wakajadiliana kwa fasaha, kisha wakahukumu kuwa betri imekufa, na mwenye chombo, masikini, akanunua nyingine pasipo hata mmoja wao kufungua kifuniko cha ubavuni na kuitazama fyuzi iliyokatika. Na akitokea mjuzi wa kuiona, aghalabu huiziba kwa karatasi ya sigara ing'aayo, hata nyaya zikaungua. Kisha lawama hupewa mtengenezaji wa pikipiki aliyeko India. Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, kaza vichwa vya betri, uitazame fyuzi.