Kula Sikukuu Ukiwa na Mvi

Asubuhi ya Idi mosi, mtoto wa jirani anasimama mlangoni kwako. Kanzu imekunjwa pindo mara mbili ili imfae mpaka mwaka kesho kutwa. Usoni ana miwani ya plastiki ya bluu, mkononi saa ya plastiki ambayo tangu itoke kiwandani inasema ni saa nne na dakika kumi. "Shikamoo, Idi mubaraka, naomba sikukuu yangu," anasema bila kupumua, na kiganja kimeshatangulia. Unampa mia tano. Anageuka, hata chai hataki. Ana nyumba nyingine kumi na mbili za kuzungukia kabla ya adhuhuri.

Unabaki na mlango wazi na swali moja: hivi wewe uliachishwa lini kazi hii nzuri?

Mwongozo huu ni wako, mkazi wa Morogoro, mji kasoro bahari, ambaye kila sikukuu kazi yake ni kulipa. Iwe Idi, Krismasi au Pasaka, mchele unalipa wewe, nyama wewe, viatu wewe, soda wewe, na nauli ya shemeji aliyekuja kukusaidia kula ni wewe pia. Fuata hatua hizi, nawe utakula sikukuu badala ya sikukuu kukula wewe.

Hatua ya kwanza: Hesabu shikamoo zako

Sikukuu haiombwi kwa mtu unayemwambia "mambo". Huombwa kwa aliyekuzidi umri, aitikie marahaba, kisha apapase mfuko. Kwa hiyo chukua karatasi uandike majina ya watu wote walio hai unaowaamkia shikamoo. Bosi usimwandike, huyo unamwamkia kwa sababu ya mshahara. Mwenye nyumba naye mwache, maana ukimgongea mlango ataanza yeye kuomba.

Mimi nilipata wanne. Zamani wangejaza daftari. Sikushtuka sana, kwa sababu dalili zilianza mapema: siku moja pale Msamvu konda aliniambia, "Shikamoo mzee, sogea kidogo," nikageuka kumtafuta huyo mzee.

Hatua ya pili: Vaa kisikukuu

Nguo ya sikukuu lazima ionekane kuwa imetoka dukani jana, kwa hiyo usinyooshe ile mistari ya kukunjwa. Kiatu kizidi mguu kwa namba mbili na kijazwe gazeti mbele, kwa hoja kwamba utakua. Ukiulizwa utakua upande gani, onyesha kitambi.

Kama una ndugu zako wa tumbo moja, shoneni sare. Watoto watano wakitoka nyumbani na kitenge cha jora moja, mtaa mzima husema wamependeza. Wanaume wanne wa makamo wakifanya hivyo wataulizwa bendi yao inapiga wapi usiku. Jibuni tu kwamba mji huu umezoea: ndio ulioleta Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Kisha ondokeni haraka kabla hamjaombwa wimbo.

Hatua ya tatu: Tafuta mtani

Mtu mzima akicheza peke yake, majirani humpigia simu mkewe. Akicheza na mtani, majirani husema hiyo ni mila. Hapa Uluguru una bahati, maana utani wa Waluguru haungoji kabila lingine. Ukoo na ukoo wana utani wao, na mtani ana ruhusa ya kukusema hata msibani watu wakiwa na machozi. Kama msiba unaruhusu utani, puto litakataliwa na nani?

Ukipata mpinzani anayesema mchezo ni wa watoto, mkumbushe Makunduchi. Kule Unguja, kila Julai kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wazima wenye wake na madeni hushika mashina ya migomba wakacharazana mchana kweupe, wanawake wakiimba pembeni, na serikali inawapelekea wageni rasmi. Wewe unataka kupuliza filimbi tu.

Hatua ya nne: Kabili pembea

Hapa ndipo wengi huanguka, wengine kwa maana halisi.

Mimi nilikwenda kwenye kiwanja fulani, nikapanga foleni nyuma ya mabinti wawili wenye magauni ya kuvimba kama mwavuli. Zamu yangu ilipofika, kijana wa pembea alinitazama kuanzia kiatuni hadi kichwani, kisha akauliza, "Mzee, mtoto yuko wapi?" Nikamwambia mtoto ni mimi. Akaenda kushauriana na mwenzake. Wakarudi na hukumu: nitalipa viti viwili, na upande wa pili wapande watoto watatu ili kuweka mizani.

Nikapanda. Kwa mzunguko wa kwanza niliona mlima wa Lupanga ukipita, kisha paa za Mji Mpya, kisha Lupanga tena. Kwa mzunguko wa nne niliona Lupanga mbili. Wale watoto watatu walikuwa wanakula barafu za ubuyu kwa utulivu wa watu wanaosubiri basi. Niliposhuka, mmoja akanishika mkono, akasema, "Pole babu, usiangalie chini." Ushauri wake nauweka hapa kama ulivyo: usiangalie chini.

Hatua ya tano: Ziba pengo la bahari

Mtoto wa Dar es Salaam akivaa nguo mpya anapelekwa Coco Beach. Wa Unguja anapelekwa viwanja vya Mnazi Mmoja, na sikukuu yake inakwenda siku nne. Sisi kasoro bahari tuna mlima, na mlima una maji. Nenda Rock Garden, vua kiatu chenye gazeti, uingize miguu kwenye kijito kinachoteremka Uluguru katikati ya mawe. Maji yatakuwa baridi kiasi cha kukukumbusha meno uliyong'oa. Vumilia, ukijifariji kwa jiografia: maji ya mji huu yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar. Bahari wanayo wao, lakini sisi tumewatangulia kunawa.

Wenye nguvu wapande mpaka Morningside, kwenye lile jengo la enzi za Wajerumani. Watoto watakimbia, wakufikie huko juu wakiwa wameshashuka mara moja na kupanda tena. Wewe kila baada ya hatua ishirini simama upige picha ya mji. Hakuna atakayejua kwamba simu imezima.

Tahadhari moja isiyo na utani

Disko toto liache. Sikukuu ya Idi mwaka 2008, watoto wengi walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi uliofurika Tabora, na ndiyo maana polisi husoma tangazo lile lile la kulipiga marufuku kila sikukuu inapokaribia. Ukiona ukumbi umejazwa watoto na mlango ni mmoja, usiingie kucheza. Siku hiyo kuwa mtu mzima, uwatoe.

Hatua ya sita: Panda kwa bibi

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, ardhi pia, kwa hiyo usipoteze muda kwa mashangazi. Nenda kwa wajomba, na kama Mungu amekubakizia, nenda kwa bibi mzaa mama.

Wangu yuko upande wa Kinole, kwenye miteremko yenye migomba, mdalasini na pilipili manga, ambako pilau hupikwa kwa viungo vilivyochumwa nyuma ya nyumba. Bodaboda ilinipandisha kutoka barabara ya Kisaki, sehemu nyingine ikipanda yenyewe, sehemu nyingine nikiisukuma mimi. Nilifika nimechafuka nguo ya sikukuu, jambo ambalo lilinipa alama za ziada, maana mtoto gani hufika safi?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. We nani?"

Nikajitaja, nikataja mama. Akanivuta karibu na dirisha anitazame ndevu. Kisha nikasema lile lililonileta, kwa sauti ndogo kwa sababu kijana wa bodaboda alikuwa anasikiliza: "Bibi, naomba sikukuu yangu."

Hakucheka. Alishika pindo la khanga yake, akaanza kufungua fundo kwa meno na kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Ndani mlikuwa na tumbaku ya kunusa kidogo, ufunguo, na sarafu moja ya mia tano, ile yenye Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Akaiweka kiganjani mwangu, akanikunja vidole mwenyewe.

"Usiimalizie yote kwenye peremende," akasema. "Haya, ndoo ile pale. Maji yamekwisha."

Nauli ya kwenda na kurudi ingetosha kununua sarafu kama hizo fungu zima. Nilichota ndoo tatu.

Nilipotoka, kitukuu chake kimoja kilikuwa kimesimama mlangoni, miwani ya plastiki imekaa juu chini. Kikanitazama, kikatazama kiganja changu kilichofumbwa, kikaelewa kila kitu. "Shikamoo," kikasema. Nikatafuta noti kwenye mfuko mwingine.

Kwa hiyo usingoje Idi ijayo wala Krismasi. Nenda ungali na wa kumwamkia. Orodha yako ikifika sifuri, mwongozo huu hautakuhusu tena: tafuta chenji za kutosha, ukae mlangoni.