Mtumbwi Uko Kazini

Desemba 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, na kati ya walivyobeba kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago kikanunuliwa Paris, kikaishia katika makumbusho ya Barbier-Mueller kule Geneva, na hakikurudi nyumbani mpaka mwaka 2010. Kisa hiki nilisimuliwa siku niliyokabidhiwa ufunguo wa chumba cha maonyesho cha chuo chetu hapa Lituhi. Nikaenda dukani nikanunua kufuli mbili.

Mpaka leo hakuna mwizi aliyezigusa. Mwizi ana staha zake: huja usiku, huogopa mbwa, na akishaiba hatakuuliza maswali. Wanaoninyima usingizi ni wenye mali. Hao huja mchana kweupe, hupiga hodi, huulizia hali ya watoto, kisha hutaka chao.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majembe. Kina dirisha moja linalotazama ziwa na sakafu niliyoipaka rangi nyekundu kwa mkono wangu. Mkuu wa chuo aliposema, "Mwalimu, wewe ndiye mhifadhi," alijumlisha humo mfagiaji, mwandika vibao, mpiga misumari na mlinzi wa usiku, wote kwa mshahara uleule. Nilijifariji kwa habari za Makerere. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa kwenye baraza ya nyumba yake jijini Kampala, na mbegu ile ndiyo iliyokuja kuwa shule waliyosomea Sam Ntiro na Elimo Njau, Wachaga wetu wawili wa Kilimanjaro. Baraza haina hata mlango. Mimi nina mlango, na kufuli mbili.

Picha tuliziazima Songea. Kutoka Songea mpaka Kitai huna cha kulalamika, lami ipo. Kutoka Kitai kuja Lituhi ni zaidi ya kilomita 80, na hizo ziulize wakati wa masika. Gari lililojitolea kutuletea mzigo lilikuwa lori ambalo siku zote hubeba makaa ya mawe, maana machimbo ya Ngaka yako njia hiyohiyo. Michoro ilikuwa ya penseli, myepesi, ya mtu anayeogopa kuichosha karatasi. Ilipofika ilikuwa na vivuli vizito ambavyo mchoraji hakuviweka, na mgeni mmoja mwenye miwani alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akasema hapa sasa kuna kipaji. Sikumsahihisha. Kazi ya mhifadhi ni kuhifadhi.

Lakini fahari ya maonyesho ilikuwa mtumbwi. Si mfano wa mtumbwi, ni mtumbwi wenyewe, wa gogo moja, uliochakaa kingoni pale kafi inaposugulia. Kuuingiza tuling'oa fremu ya mlango. Mwenyewe ni mzee mmoja wa pwani ambaye kila mtu humwita Mjomba, na alinikabidhi kwa moyo mweupe. Tarehe ya ufunguzi ilipangwa ofisini, kwa kalenda ya ukutani yenye picha ya benki. Hakuna aliyetazama mwezi. Na dagaa wa Nyasa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Sisi tuliuchukua mtumbwi mwezi ukiwa mkubwa. Ufunguzi ukaangukia gizani.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe nikasikia hodi.

"Mwalimu, habari za jioni. Nimeufuata mtumbwi."

"Shikamoo Mjomba. Maonyesho si kesho?"

"Marahaba. Na dagaa ni leo."

Alikuja na vijana wa kuubeba, na wote walikuwa wanafunzi wangu, wakiwamo walewale niliowapa alama za juu kwa kuupanga vizuri ukumbini. Walifungua fremu ya mlango kwa ustadi niliowafundisha mimi.

Kesho yake mgeni rasmi alikata utepe, akasikiliza risala, akapitishwa chumbani. Katikati kulikuwa na magogo mawili ya kuegemezea na kibao kizuri kilichosema: MTUMBWI WA GOGO MOJA. Alikisoma mikono ikiwa nyuma, akakisoma tena.

"Mwalimu, mtumbwi uko wapi?"

"Uko kazini, mheshimiwa."

Akatikisa kichwa polepole, akaandika kitu kwenye kijitabu chake, na mpaka sasa sijajua kama aliandika sifa au jina langu. Usiku ule mwanafunzi mmoja akaongeza kwa chaki chini ya kibao: "Umetoka. Utarudi saa mbili asubuhi." Na ukarudi kweli. Ulirudi unachuruzika maji juu ya sakafu yangu nyekundu, magamba yamegandia ndani, na nyuma yake wakaja akina mama na mabeseni, kwa kuwa Mjomba hakuona sababu ya kushusha dagaa ufukweni halafu aubebe mtumbwi mtupu. Hatujapata tena wageni wengi vile. Kwenye kitabu cha wageni, safu ya maoni, mama mmoja aliandika: "Dagaa ni wazuri ila bei ipunguzwe." Nilipeleka idadi ya wageni ofisini. Maoni sikuyapeleka.

Kigoda nacho kina habari yake, ila ni fupi. Viti vilipungua siku ya ufunguzi, mzee aliyetuazima kigoda akaingia, akakivuta kutoka kwenye meza ya maonyesho, akakikalia. Ungemwambia nini? Nilisogeza kibao nikakiweka karibu na miguu yake, na wageni wakamsalimia mmoja mmoja wakidhani ni sehemu ya mpango.

Ukutani tulikuwa na kazi za wanafunzi walizochora kwa mtindo wa Tingatinga. Huyu Edward Saidi Tingatinga ni mtu wa mkoa wetu huu wa Ruvuma, mzaliwa wa Tunduru, ingawa Dar es Salaam hujifanya imemzaa. Alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, na alipofariki mwaka 1972 mkondo aliouanzisha haukukauka. Basi mwera ukavuma kutoka ziwani, kioo cha dirisha kikaanguka, na fundi wa chuo akaona pale ukutani kuna hadibodi yenye kipimo kilekile cha dirisha. Akaigongomelea, chui akitazama nje. Nilipomkabili akanijibu kwamba rangi ya baiskeli haiogopi mvua. Hilo sikuweza kumbishia. Na tangu hapo chumba chetu ndicho pekee kinachotambulika ukiwa ziwani.

Chungu ndicho kilichotaka kunimaliza. Kilikuwa cha Wakisi, wale wafinyanzi wa upande wa kaskazini ambao vyungu vyao husafiri ziwani kwa mitumbwi. Bibi mmoja alikirithi kwa mama yake, na masizi yake yalikuwa mazito kiasi cha kung'aa kama ngozi ya kiboko. Kibao chake ndicho nilichokipenda kuliko vyote, aya nzima kuhusu masizi. Mama anayetufanyia usafi alikisoma kibao, akamhurumia mwenye chungu. Akakipeleka ufukweni, akakisugua kwa mchanga kama tunavyosugua sufuria sote huku, mpaka udongo mwekundu ukatokeza. Alikirudisha mezani uso umemchangamka.

Bibi alipokuja kukitazama alikizunguka mara kadhaa.

"Changu kiko wapi, baba?"

"Ndicho hicho, bibi."

"Hiki ni kitoto. Changu kilikuwa kikubwa mwenzangu."

Tulizungumza habari za rangi, habari za mkaa uliosagwa. Bibi akakataa yote. Masizi hayapakwi, akasema, masizi hupikwa. Yakaletwa mafiga matatu nyuma ya chumba cha maonyesho, kuni za wanafunzi, na maharage kutoka juu Mbinga, kwenye ngoro za Wamatengo, na moto ukawashwa kwa jina la uhifadhi. Bajeti ya maharage niliiandika "matengenezo".

Ndipo akaja mkaguzi na leja. Alipitia rafu kwa kalamu: kigoda, hakipo, ngoma, imeenda kwenye mganda, picha ya chui, dirishani. Akafika kwenye mstari unaosema "Chungu 1, cheusi", akainua macho.

Nikampeleka nyuma. Chungu kilikuwa motoni, ubavu mmoja umeshaanza kuiva rangi, mwingine bado mwekundu, na bibi ameketi pembeni akichochea.

"Leja inasema cheusi," mkaguzi akasema.

"Kinaendelea, mheshimiwa."

Alichuchumaa, akapunga moshi kwa leja, akachungulia ndani muda mrefu kuliko ulivyohitaji ukaguzi. Kisha akamgeukia bibi.

"Shikamoo bibi. Chumvi mmeshatia?"